Vigelegele Kabla ya Mtoto

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, na kama una mboga za kuchambua zilete tuchambue pamoja, kwa sababu habari za wanawake nimezoea kuzisimulia mikono ikiwa na kazi. Nitakueleza polepole. Ukiona nimekaa sana kwenye jambo dogo, nivumilie kidogo. Jambo hilo utalihitaji baadaye.

Huku kwetu Mwanda, juu milimani, mtoto hupokelewa na wanawake, na mama akifa huandaliwa na wanawake. Wanaume watachimba kaburi, watapasua kuni, watakaa nje wakipanga mambo ya gari na jeneza. Mlango wa chumba chenyewe tunaushika sisi. Siku hizi akina mama wengi hujifungulia hospitalini, na ni vizuri hivyo, mimi mwenyewe nimewasindikiza wengi. Marehemu nao hupelekwa mochari Wundanyi au Voi. Lakini kuna muda wa mwanzo, kabla gari halijafika, na muda huo ni wetu.

Tena kwetu mikono haichanganywi. Mwanamke aliyeshika maji ya kuosha maiti haingii kwa mzazi siku hiyo. Nilipokuwa msichana sikuambiwa sababu, niliambiwa tu nisiingie. Baadaye muuguzi wa zahanati yetu aliniambia kwamba hata yeye angetukataza, kwa ajili ya maradhi. Wazee walikuwa na sababu yao, yeye ana yake, na mimi nimezichukua zote mbili.

Halafu kuna vigelegele. Hapa ndipo ningependa utulie. Watu wa mbali hudhani vigelegele hupigwa mtoto anapotoka. Kwetu sivyo. Mtoto atatoka, atalia, atafutwa, na wanawake watanyamaza. Wanasubiri kondo la nyuma litoke, mkunga aligeuze, alitazame kama ni zima, kisha atikise kichwa kukubali. Hapo ndipo midomo inafunguka. Kabla ya hapo mama bado yumo hatarini, na hakuna anayeshangilia. Hili kila msichana wa Mwanda analijua kabla hajajua kusuka nywele. Mdogo wangu alilijua.

Sasa nikwambie kuhusu mdogo wangu.

Ameolewa Voi, kwa kijana ambaye baba yake alitoka magharibi mwa Kenya akaja kufanya kazi kwenye reli, familia ikabaki. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Zilikuwa zimebaki wiki chache, na kliniki walikuwa wamemwambia presha yake inapanda, apumzike, asibebe mizigo, asipate mshtuko. Kisha akasikia Mama amezidiwa. Mama alikuwa mgonjwa muda mrefu, mimi nikimuuguza, na safari hii alikuwa ameacha kula. Mdogo wangu akafunga begi, akapanda gari mpaka Mwatate, akabadilisha Wundanyi, akaja. Nilikuwa nimepanga kumgombeza. Nilipomwona akishuka ameshika kiuno, nilikimbia kumpokea begi.

Ilikuwa masika, na mvua ya mwaka ule haikuwa na huruma. Kulipokucha siku ya pili tulikuta udongo umeporomoka chini ya kona kubwa na kufunga barabara. Asubuhi hiyohiyo chupa ya mdogo wangu ikapasuka.

Tulimlaza katika nyumba ndogo iliyo karibu na jiko. Mama alikuwa katika nyumba kubwa, ng'ambo ya ua, umbali wa mtu kuitwa na kusikia. Tulipiga simu, gari la wagonjwa likaja, likakwama upande wa pili wa maporomoko. Wanaume walishuka na majembe. Muuguzi wa zahanati hakungoja barabara, alikuja kwa miguu, matope mpaka magotini, begi lake amelibeba kichwani. Tulikuwa pia na mkunga wetu wa zamani, bibi mmoja jirani ambaye tangu wakunga wa jadi walipokatazwa kuzalisha nyumbani kazi yake ilikuwa kuwasindikiza wazazi zahanati na kuwachekesha njiani. Hao wawili walielewana. Muuguzi alipima presha, akampima tena, kisha akatuambia nje ya mlango kwamba hakuipenda. Asishtuliwe, alisema. Chochote kitakachotokea, huyu asishtuliwe.

Haikupita muda mrefu, jirani yetu mmoja akasimama mlangoni na kuniita kwa kidole. Alikuwa akifunga leso ya pili kiunoni, anaikaza kama mtu anayeanza kazi, na nilipoiona leso hiyo nilijua.

Nje alisema, "Mama ametutoka."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Kabla sauti haijatoka, kiganja cha mkunga kilikuwa kimeufunika. Kilinuka mafuta ya nazi. Alinishika hivyo, kichwa changu kifuani pake, mpaka akahisi nimetulia.

"Hakuna kulia," akasema. "Huyu wa ndani akisikia, tutawazika wawili au watatu."

Huenda utaliona jambo jepesi, watu kunyamaza kidogo. Si jepesi. Kwetu kilio ndicho tangazo. Nyumba ya msiba isiyolia huulizwa maswali miaka mingi baadaye: kwani walikuwa wakimchukia? Na kuosha maiti huenda na nyimbo, nyimbo za kanisa kwa Kidawida, lugha yetu, ndizo zinazowapa waoshaji nguvu. Siku hiyo waliambiwa waoshe kimya. Mwanamke mmoja alitumwa akasimame kwenye njia ya chini, ili kila anayekuja kutoa pole azuiwe mdomo kabla ya kufika uani.

Kisha mkunga akanigeukia. Mimi ni kifungua mimba wa Mama. Nyumbani kwetu uso wa mama huoshwa na binti wa kwanza. Wengine wanaweza kuosha mikono, miguu na mgongo, lakini uso ni wa binti huyo, na mwili nao haungoji sana, hukakamaa.

"Uso wa mama yako ni wako," akaniambia. "Lakini ukienda kuuosha, huku hurudi. Sitakuchagulia."

Nilisimama katikati ya ua. Mvua ilikuwa inanyesha na sikuwa nimejifunika. Kutoka nyumba ndogo nikasikia, "Dada? Dada, uko wapi?"

Nilipangusa uso kwa leso, nikarudi kwa mdogo wangu.

Ngoja nikueleze ndani kulikuwaje, maana watu husimulia uzazi kama kitu cha kelele tu. Uchungu huja na kuondoka. Ukija, chumba kizima hushika pumzi. Ukiondoka, kuna nafasi ya kuzungumza, kunywa uji, hata kucheka. Katika nafasi hizo ndipo mdogo wangu alipokuwa akiniuliza maswali, na mimi niliziogopa nafasi hizo kuliko uchungu wenyewe.

Aliuliza kama Mama amekunywa uji. Nilisema majirani wako naye. Ilikuwa kweli. Aliuliza kama Mama ameambiwa kwamba siku imefika. Nikasema tangu alfajiri anajua, na hilo pia lilikuwa kweli, kwa kuwa nilimwambia mwenyewe sikioni na alinibana kidole. Nilikuwa nachagua ukweli mdogomdogo kama mtu anayechagua mawe ya kukanyagia mtoni.

Jikoni moto ulikuwa mmoja na sufuria mbili. Moja ya mzazi, moja ya marehemu. Mkunga aliweka mwanamke tofauti kwa kila sufuria, na hakuna aliyegusa kifuniko cha mwenzake. Kupitia dirisha dogo mdogo wangu aliona karai likipita, kisha jingine.

"Maji mengi hivyo ya nini?"

"Ya kwako," mkunga akamjibu bila kugeuka. "Ulifikiri mtoto wa Voi ataogeshwa kwa kikombe? Huyo anakuja na vumbi lake."

Mdogo wangu akacheka, kicheko kikakatizwa na uchungu. Makarai yote yalikuwa yakielekea nyumba kubwa, lakini dirisha halikuonyesha mpaka huko.

Mvua ilitusaidia sana. Mabati yalikuwa yakipiga kelele hata ukisema lazima uiname. Huko barabarani mvua hiyohiyo ilikuwa inawarudishia wanaume udongo walioutoa, na mimi nilikuwa naomba vitu viwili visivyokaa pamoja, ikome ili gari lipite, isikome ili tusisikike. Ikakoma. Ilikoma ghafla, kama kawaida ya milimani, na ule ukimya ukaingia chumbani ukakaa. Tungeweza kusikia matone yakianguka kutoka kwenye migomba. Tungeweza kusikia maji yakimiminwa kwenye karai ng'ambo ya ua.

Mkunga alianza kuongea kwa sauti. Alimsimulia mdogo wangu jinsi Mama alivyomzaa, kwamba alitanguliza miguu kama mtu anayeshuka kitandani, kwamba Mama alimtukana mkunga matusi yote ya Kidawida na akayarudia kwa Kiswahili asije akaachwa mtu. Muuguzi akicheka kwa adabu, macho yake kwenye saa na mkono wake juu ya tumbo. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba njia imefunguka vya kutosha, bado kidogo asukume.

Na hapo ndipo mama mkwe alipofika.

Huyu ni mama mzazi wa shemeji yangu, mtu mwema kuliko wengi ninaowajua. Aliposikia mkaza mwanawe ameshikwa na uchungu, alitoka Voi siku hiyohiyo. Kwenye maporomoko aliteremka, na wanaume wenye majembe, waliokwisha kupelekewa habari, bila kufikiri, wakavua kofia wakampa pole ya msiba. Hawakumwambia kwamba mkaza mwanawe amefichwa habari hiyo; alijua tu kwamba mwenzake, mama wa mkaza mwanawe, amefariki. Njia ya chini ilikuwa matope matupu, wakamwonyesha ya juu, ile inayopita kwenye matuta ya mahindi. Yule tuliyemtuma kuzuia watu alikuwa njia ya chini.

Kwao, msiba hauingiwi kimya. Anayekuja huleta sauti yake tangu mbali, ili wenye nyumba wajue kuna mtu amekuja kuubeba pamoja nao. Kunyamaza ni kumdharau marehemu. Kwa hiyo alipoliona paa letu, aliachia.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Ilitoka juu ya matuta, ikashuka uani, ikapita mabati. Alikuwa akimwita Mama kwa lugha ya kwao, na hata asiyejua neno moja alielewa.

Waoshaji walikuwa na mikono yenye maji, hawangeweza kumkimbilia. Mmoja wao, na hadi leo hakuna aliyeuliza ni nani, akapiga kigelegele ili kuifunika ile sauti. Wa pili akamfuata, na wa jikoni nao, na kwa muda mfupi nyumba kubwa yote ilikuwa inapiga vigelegele kwa nguvu, juu ya mwili wa mama yangu, kwa mapenzi tu.

Chumbani tulitazamana. Mdogo wangu aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Mtoto wangu hajatoka," akasema. "Hivyo vigelegele ni vya nani?"

Mdogo wangu akaniangalia mimi. Kisha akaunganisha magoti yake, akashika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, akasema hatasukuma. Hakupiga kelele. Alisema hatasukuma mpaka mtu mmoja humu ndani amwambie kweli.

Muuguzi alikuwa ameweka sikio kwenye kile kifaa kama tarumbeta ndogo cha kusikilizia moyo wa mtoto. Niliona uso wake ukibadilika.

"Mapigo yanashuka," akasema. "Mtoto atoke sasa. Siyo baadaye, sasa."

Uchungu mwingine ulikuwa unapanda. Nilifungua mdomo, mkunga akaniwekea mkono begani. Safari hii hakuwa ananinyamazisha. Alikuwa ananizuia kwa kitambo kidogo tu, mpaka uchungu ule ufike juu na uanze kushuka. Ulipoachia, alinisukuma mbele kidogo.

Nilipiga magoti. Nikamshika mdogo wangu uso kwa viganja viwili.

"Mama amefariki asubuhi hii. Hakuwa peke yake. Mimi niko hapa."

Alilia mara moja, sauti fupi kama ya mtu aliyekanyaga mwiba. Nilidhani nimemuua. Kisha akauliza, "Nani anamwosha?"

"Majirani."

"Na uso?"

Niliendelea kumshika uso. Yeye pia ni mtoto wa nyumba ile, anajua uso ni wa nani na kwa nini mimi nilikuwa pale na si kule. Kisha akaachanisha magoti.

"Basi tumalize," akasema, "uende kwa Mama."

Mama mkwe alikuwa amefika mlangoni wakati huo, kitambaa kimemwangukia shingoni, amekwisha kuelewa alichofanya. Alisimama kizingitini kama mgeni asiyekaribishwa. Mkunga alimuuliza swali moja, kama amegusa maiti. Akasema hajagusa, hata mlango wa kule hajafika.

"Basi ingia umshike mgongo," mkunga akamwambia. "Sauti yako imefukuza ndovu wote wa Tsavo. Sasa tuone kama mikono nayo inafanya kazi."

Ilifanya. Alipanda kitandani nyuma ya mkaza mwanawe, akamkumbatia kwa mapaja na mikono, akawa ukuta. Mdogo wangu alisukuma akimwegemea, akipumzika kwenye kifua chake, akisukuma tena. Muuguzi alizungumza naye kwa upole, akimwambia lini na lini bado. Mtoto alitoka akiwa na rangi nisiyoipenda, akakaa kimya. Muuguzi alimsugua kwa kitambaa, akamgeuza, akamsugua tena. Halafu mtoto akalia, kwa hasira, na nikaona rangi ikimjia kama moto unaoshika.

Msichana.

Muuguzi alimchoma mdogo wangu sindano ya kuzuia damu, tukangoja. Kondo likatoka. Mkunga aliligeuza karibu na dirisha, akalitazama pande zote, akatikisa kichwa kukubali.

Na hakuna aliyepiga kigelegele. Ng'ambo ya ua walikuwa wamesikia mtoto akilia, lakini walinyamaza, nasi tulinyamaza. Vigelegele vyetu tulikuwa tumeviharibu, hakuna aliyejua kama bado vinafaa.

Mdogo wangu, mtoto akiwa kifuani, akauliza, "Mbona kimya? Kondo si limetoka?"

Mama mkwe akasema taratibu kwamba ameogopa mdomo wake.

"Piga, mama," mdogo wangu akamwambia. "Halafu ulie. Kwa utaratibu huo."

Akapiga. Kilikuwa kigelegele kilichokwaruza, sauti ilikuwa imeisha kwenye matuta, lakini kilivuka ua. Nyumba kubwa ikajibu. Vilikuwa vya kweli safari hii, na vilipofika mwisho vikageuka vyenyewe kuwa kilio, kutoka makoo yaleyale, na mdogo wangu akalia pamoja nao akiwa amelala, machozi yakiingia masikioni, mkono wake juu ya mgongo wa mtoto. Alipokuwa akilia, muuguzi alimpima presha. Akanionyesha kwa macho kwamba niende.

Nilikuta Mama ameoshwa, amenyooshwa, amefunikwa hadi shingoni. Uso ulikuwa bado. Kando ya kichwa kulikuwa na bakuli limefunikwa kwa kitambaa safi, na nilipotia mkono, maji yalikuwa ya vuguvugu. Mtu alikuwa akiyabadilisha muda wote ule, akinisubiri. Niliosha paji, macho, nyuma ya masikio mahali alipokuwa akijipaka mafuta Jumapili. Nilimwambia ni msichana.

Barabara ilipofunguka, gari la kwanza liliwachukua mdogo wangu na mtoto, na mama mkwe akiwa amemshika mtoto. Mdogo wangu alilazwa hospitalini mpaka presha ikatulia. Mama alisubiri gari la pili. Sidhani angetaka vingine.

Tangu siku hiyo, akina mama wa huku wakiniita kwenye nyumba yenye mambo mawili kwa pamoja, uzazi na msiba, hatufichi tena kwa kelele. Wewe nawe utaweza, hata kama unajiona huna moyo huo, kwa kuwa mimi pia nilijiona sina. Ukikutwa na siku kama hiyo, mwite muuguzi kwanza na umsikilize. Kisha watoe chumbani wote wasio na kazi. Subiri uchungu upande, ufike juu, uachie. Mshike mzazi kwa mikono miwili, mwambie kwa maneno machache nani amefariki na nani yuko naye. Halafu usitoke, kaa hapohapo mpaka uchungu unaofuata ukukute umemshika.